Maji Chini ya Dizeli

Mke wangu ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti moja, kwamba nisimtaje mtu yeyote kwa jina. Nimekubali. Mwenyewe nisingeona sababu ya kujificha, maana kati ya Kasulu na Kibondo hakuna mwenye lori asiyenifahamu, lakini ndani yake wamo watu ambao heshima yao si mali yangu.

Niliondoka Kasulu kijana mwenye mfuko mmoja wa plastiki. Dar es Salaam nilianzia gereji ya uchochoroni, nikiosha vipuri kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikawa inabanduka. Mchana nilifanya kazi, jioni nilikwenda chuo, na nilipomaliza nilikuwa na stashahada ya ufundi wa magari. Nikarudi nyumbani nikiendesha lori langu mwenyewe. Sikurithi hata spana. Wengi niliotoka nao walirudi na miwani ya jua na hadithi. Mimi nilirudi na matairi sita. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu msomaji anapaswa kujua nilikuwa mtu wa namna gani mbele za watu kabla ya siku ile.

Anapaswa kujua pia kwamba nilikuwa nimechoka. Watu wakiona lori wanaona utajiri. Hawaoni mgongo unaouma kuanzia alfajiri, wala macho yanayowasha kwa vumbi jekundu la Mabamba, wala ile hali ya kulala nyumbani kwako huku masikio yakisikiliza kama mvua imeanza kunyesha juu ya mzigo wa watu. Nilikuwa nabeba maharage na mahindi kutoka vijiji vya mpakani kwenda Kasulu, na kurudi na saruji, mabati, sabuni, chochote. Nilifanya hivyo bila kupumzika kwa sababu nilijua wapo waliokuwa wakingoja lori lisimame ili waseme, tulijua tu.

Dizeli yangu yote niliinunua kwa mzee mmoja wa Kasulu. Babu yake alikuja bara na vitambaa kutoka pwani, na familia ikabaki. Yeye alikuwa na kituo kidogo nyuma ya soko, pampu moja tu ya dizeli, na benchi la mbao ambalo alikalia akiwa na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono na tasbihi. Kila asubuhi kabla ya kumuuzia mtu, alizamisha kijiti kirefu kwenye tangi lake la chini ya ardhi na kuangalia kama kuna maji. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kwa kuwa mimi ni msomi wa mambo hayo, niliridhika. Wateja wake wakubwa walikuwa wenye malori na wenye mashine za kusaga, watu wanaokuja na madumu yao kichwani au kwenye baiskeli.

Kituo kile ndicho kilichokuwa maisha yake. Hakuwa na shamba wala nyumba za kupanga. Na biashara ya dizeli mji mdogo kama wetu ni kama sifa ya binti: neno moja linatosha. Upande wa pili wa soko palikuwa na muuzaji mwingine zamani. Ikasemwa anachanganya maji. Hakuna aliyewahi kuleta chupa wala ushahidi, lakini malori yaliacha kusimama pale, kisha mashine za kusaga, na sasa panauzwa mitumba.

Safari ninayoisimulia tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa amepata leseni ya kuendesha magari makubwa na alikuwa akitafuta mwenye lori wa kumwajiri. Nilimchukua ajizoeze kwangu, na watu wamwone akiwa nyuma ya usukani wa mtu anayejua kazi.

Tulipitia Murungu kwa mama yake, yaani mama mkwe wangu, kuchukua madumu yangu mawili. Alikuwa ameyaazima ya kutekea maji, kwa sababu alikuwa anakandika upya jiko lake na chemchemi iko bondeni. Madumu yanayonuka dizeli hayafai maji ya kunywa, ila kwa kulowesha udongo yanafaa sana. Mimi nilibaki ndani ya lori barabarani. Kwetu mkwe wa kiume haingii uani kwa mama mkwe ovyo, wala hapokei kitu mkononi mwake. Nilimwona kwa mbali, amejifunga kanga kiunoni, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Aliinama kidogo kunisalimu, nami nikashuka, nikavua kofia, nikaitikia nikitazama chini. Shemeji akaleta madumu. Mafuniko yalikuwa yamekazwa vizuri.

Akalitikisa moja. "Naona uliacha dizeli kidogo."

"Huwa naacha," nilimjibu. Ni kweli, huwa naacha kidogo chini, mafuta ya dharura. Dumu lenyewe lilikuwa limekuwa jeusi kwa miaka ya dizeli, huoni kilichomo. Tukaondoka.

Kasulu tulijaza tangi la lori kwanza, kisha shemeji akajaziwa madumu yote mawili kwenye pampu ile ile. Mzee aliniuliza hali ya nyumbani, nikamjibu, akaniambia, "Punguza mbio, mwanangu. Unazeeka kuliko mimi." Nikacheka, ingawa alikuwa amesema kweli.

Kutoka hapo tulizunguka siku kadhaa vijiji vya Mabamba, gunia hapa, gunia pale. Lori lilikwenda kama saa. Huko mpakani usitegemee kupata dizeli. Ikifika leo, kesho imeshavuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana natembea na madumu. Asubuhi ya kurudi, tangi likiwa limebakiza kidogo, shemeji alimimina dumu moja lote. La pili hatukuligusa.

Mzigo karibu wote ulikuwa wa mama mmoja wa Mabamba, mfanyabiashara wa maharage. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakikimbia vita, yeye akakulia huku, akawa raia, na sasa analisha nusu ya soko la Kasulu. Alipanda mbele pamoja nasi, katikati, na mkoba wake mapajani. Hakukubali mzigo wake usafiri peke yake. Mimi aliniita Injinia, na sikumsahihisha.

Tulipita Kibondo mjini salama. Mvua ilianza tulipokuwa kwenye milima, bado hatujashuka kuelekea mto Malagarasi. Lami ilikuwa inang'aa, wingu limekaa juu ya migomba. Hapo ndipo nilipohisi kitu kwenye kiatu, kabla hata ya masikio. Ukikanyaga, injini inajibu kwa kuchelewa, kisha inaruka, kisha inajibu tena.

"Injinia, gari linakohoa," alisema yule mama.

"Nasikia, mama."

"Unasikia, na bado unakanyaga?"

"Nikiacha kukanyaga litazima."

Likazima nikiwa bado nakanyaga. Shemeji aliruka chini na kutia mawe nyuma ya matairi. Nilikaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani. Kuna uchovu unaomjia mtu wakati injini inanyamaza kwenye mlima na mvua inapiga paa. Unatamani tu mtu mwingine awe mwenye lori. Kisha nikavaa koti la mvua nikashuka.

Moshi ulikuwa umetoka mweupe kabla ya kuzima, na injini ilikuwa imegongagonga. Hewa kwenye mipira ya mafuta inazima gari, lakini haigongi hivyo. Nilishajua kabla ya kufungua chochote. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe kidogo kinachokusanya maji, na kina kizibo cha kumwagia. Nilikifungua juu ya chupa tupu ya maji ya kunywa, nikajaza nusu, nikaiweka juu ya bampa itulie. Tukaitazama sote watatu kama watu wanaotazama mtoto mgonjwa. Taratibu ikajigawa. Juu dizeli ya rangi ya chai, chini maji meupe, na katikati mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

"Mana yanje!" alisema yule mama, akimwita Mungu kwa Kirundi. "Ametuuzia maji. Yule Mswahili ametuuzia maji!"

Kwetu mtu wa asili ya pwani huitwa Mswahili, hata kama babu yake ndiye aliyekuja.

"Hatujui bado," nilisema.

"Nini hatujui? Macho si haya? Dizeli yote umenunua wapi?"

"Kwake."

"Ego! Ndiyo hivyo, basi." Na alikuwa ameshatoa simu.

"Mama, subiri kidogo. Niache nipime."

"Nisubiri maharage yachipue? Yakichipua nitamuuzia nani, mbuzi?" Akampata mnunuzi wake wa Kasulu, na kwa sababu mvua ilikuwa inapiga kelele, alisema kwa sauti ya kusikika Burundi. Alisema lori limekufa mlimani, tangi limejaa maji, Injinia mwenyewe ameyatia kwenye chupa yakaonekana. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikiuliza, kwa mzee wa nyuma ya soko? Akajibu ndiye. Nilisimama na spana mkononi, mvua inaniingia shingoni, nikaona jinsi jina langu na elimu yangu vilivyogeuzwa kuwa muhuri wa maneno yake. Kama angesema tu lori limezima, mji ungecheka. Alisema Injinia amepima.

Nilianza kufikiri, kama nilivyofundishwa. Dizeli ya pampu ile ilitutoa Kasulu, ikatuzungusha Mabamba yote, na lori halikukohoa hata mara moja. Shida ilianza baada ya dumu kumiminwa. Tangi lilijazwa kwanza na dumu baadaye, dakika zile zile, mpira ule ule. Pampu haiwezi kutoa dizeli safi kwenye tangi kisha ikatoa maji kwenye dumu lililo kando yake.

Nikamwambia shemeji alete dumu la pili, lile ambalo hatukuligusa. Tulikuwa tumeliweka wima muda mrefu, kwa hiyo kilichokuwemo kilikuwa kimetulia. Nilikata mpira mwembamba, nikauzamisha hadi chini kabisa, nikavuta kwa mdomo, jambo ambalo simshauri mtu, nikaelekeza kwenye chupa nyingine. Yalitoka maji. Maji tu, kwanza, kabla ya dizeli. Na ndani ya maji mlikuwa na vumbi la kijivu lililozunguka polepole, na kipande cha jani, kidogo kama ukucha, kigumu na chenye kukwaruza.

Nilikiweka kwenye kiganja. Lilikuwa jani la msasa.

Shemeji alilitazama, akanitazama, akatazama barabara. Mwanamume aliyekulia Murungu hahitaji kuelezwa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu na hakirudi kikavu. Kinasuguliwa kwa majivu na majani ya msasa mpaka mwenyewe asikitambue, kisha kinawekwa kitu. Ungo unarudi na konzi ya maharage. Kibuyu kinarudi na pombe ya ndizi kidogo ndani yake. Dumu la maji linarudi na maji, kiasi cha mtu kunawa uso na miguu, ili isionekane kwamba uhusiano wenu umekauka. Mama mkwe aliazima vyombo vya mkwe wake, tena vyombo vya kazi, akavirudisha kwa heshima yote aliyokuwa nayo. Pengine alisugua na kutikisa asubuhi nzima, mgongo ukimuuma, ili dizeli itoke na mkwe asione aibu ya kupokea chombo kinachonuka.

"Mama," alisema shemeji kwa sauti ya chini.

Yule mfanyabiashara alikuwa amerudi ndani ya kabini, bado na simu. Tulikuwa wawili tu chini ya ukingo wa turubai.

"Nilitikisa," shemeji akasema. "Nikasikia kitu. Nikakwambia."

"Na mimi nikakwambia huwa naacha."

"Ukimwambia mtu kwamba mama mkwe wako ametia maji kwenye madumu yako, watasema nini?"

Wote tulijua. Wangesema mama mkwe ameona lori la mkwe limemzidi. Wangesema amelifunga. Mambo ya uchawi yanapenda sana kitu chenye injini. Mwanamke mzima, mjane, anayeishi peke yake Murungu na jiko jipya, angeanza kupishwa njiani. Na mimi, mkwe, ndiye ningekuwa nimelifungua neno hilo kinywani mwangu.

"Basi sema ni mimi," shemeji alisema. "Sema nimetia maji bila kuangalia."

"Utaajiriwa na nani?"

Dereva aliyetia maji kwenye tangi la mtu hapati lori lingine kati ya hapa na Tabora.

"Na mzee je?" shemeji akauliza. "Tukae kimya, tuseme hatujui maji yametoka wapi?"

Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria, na nakiri lilinivutia, kwa sababu lilikuwa jepesi na mimi nilikuwa nimechoka. Lakini maji yaliyopatikana na hayana mwenyewe yangebaki ya mzee. Mji haukubali maji yasiyo na mwenyewe.

Nilifanya kazi. Nilifungua nati ya chini ya tangi nikaruhusu maji yatoke kwenye beseni mpaka dizeli safi ikafuata. Nilibadilisha filta, maana mimi natembea na filta ya akiba, wengine wanatembea na redio. Nikatoa upepo kwenye mipira, kwa pampu ya mkono, kidole gumba kikipata malengelenge. Shemeji alikuwa ananimulikia chini ya kabini, na mvua ikawa inapungua. Injini ilipowaka ilitingishika, ikatapika moshi, ikatulia. Maharage, kwa bahati, yalikuwa makavu. Turubai nilikuwa nimelifunga mwenyewe.

Simu zilianza kabla hatujavuka mto. Mwenye lori mmoja wa Kibondo aliuliza kama ni kweli, kwa sababu na yeye lake lilikohoa mwezi uliopita. Mwenye mashine ya kusaga aliuliza kama aende kudai. Niliwaambia wote nitasema nikifika. Kisha akapiga mzee mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nasikia nimekuuzia maji."

"Mzee, niko njiani."

"Njoo basi. Wako hapa wamenizunguka." Nilisikia kelele za watu nyuma yake, na mtu mmoja akicheka.

Yule mama alinitazama. "Utamwonea huruma?"

"Mama, wewe uliona chupa moja. Mimi nimeona mbili."

"Ya pili ilikuwa na nini?"

"Nitasema nikifika."

"Wasomi!" Akageuka dirishani. "Mtu anaumwa jino, wao wanamwambia subiri."

Tulifika Kasulu jua likiwa limetoka tena, lile jua la baada ya mvua linaloumiza macho. Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa. Walikuwa wenye mashine na madumu yao, madereva wawili watatu ninaowajua, na wengi ambao maisha yao hayajawahi kugusana na dizeli, waliokuja kutazama. Mzee alikuwa kwenye benchi lake. Kijiti chake cha kupimia kilikuwa kimelazwa mapajani, kimelowa dizeli, na ilionekana alikuwa amekizamisha na kukionyesha kwa watu mara nyingi, na hakuna aliyetaka kukitazama. Hakuwa anajitetea tena. Nadhani alikuwa amechoka kama mimi.

Lori liliposimama, wakafungua njia.

"Injinia huyo! Sema, Injinia!"

"Onyesha chupa!"

"Leo tutakunywa chai ya dizeli!"

Nilishuka na chupa zote mbili. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye mikunjo. Nilisimama kando ya pampu. Nimezungumza mbele za watu mara nyingi, harusini, kwenye vikao vya shule, na sikuzote wananisikiliza, kwa sababu nasema ninachokijua.

"Dizeli ya mzee ni safi," nilisema. "Tangi lilijazwa hapa na likanizungusha Mabamba yote. Maji yalikuwa kwenye madumu yangu kabla ya kuja hapa."

Mwenye mashine mmoja, mtu mnene ambaye hajawahi kunipenda, akauliza swali lile nililolingoja tangu mlimani.

"Nani aliyatia?"

Yule mama alikuwa ameshuka na amesimama mbele, mkono kiunoni. Shemeji alikuwa nyuma yangu, na nilisikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Nikawahi.

"Mimi. Madumu niliyaosha mwenyewe, nikasahau kumwaga maji."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Hakikuwa kicheko cha chuki; watu walikuwa wamekaa muda mrefu wamekasirika na walihitaji mahali pa kupelekea hasira yao.

"Diploma imeosha dumu kwa maji!"

"Si angelianika kwenye kamba, pamoja na mashati!"

"Injinia wa Maji! Ndugu zangu, tumepata Injinia wa Maji, bomba litafika!"

Yule mama wa Mabamba alicheka mpaka akashika pampu. "Yemwe, jamani, na mimi nimeipigia simu dunia nzima," akasema. "Mzee, nisamehe. Ni huyu msomi wangu." Akamwendea mzee akampa mkono kwa mikono miwili, kama wanavyofanya watu wa kwao, naye mzee akaupokea bila kuinuka.

Nilisimama nikicheka nao, kwa kuwa mtu akichekwa na asicheke anaonekana mkosaji mara mbili. Lakini moyoni nilikuwa najisikia kama mtu anayevuliwa koti mchana. Katika maisha yangu yote ya kazi sijatia maji kwenye tangi. Katika gereji ya Dar es Salaam, nilipopewa vijana wa kuwasimamia, niliwahi kumfukuza mtu kwa jambo hilo hilo. Na sasa ningekuwa nalo mpaka kaburini, maana mji mdogo hausahau kitu kilichouchekesha.

Mzee aliinuka, akaegemeza kijiti ukutani. Alipita karibu nami, akachukua ile chupa ya pili mkononi mwangu, akaiinua juani. Alitazama lile vumbi la kijivu kwa muda. Mke wake mwenyewe ni wa Buhigwe, Muha halisi, na mzee alijua kwetu majivu na msasa ni kazi ya wanawake.

"Majivu," alisema polepole, kwa sauti ya mimi tu kusikia. "Umesugua kwa majivu."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe."

"Mimi, mzee."

Akanirudishia chupa. "Mungu akuzidishie," akasema, na akaenda kwenye pampu. "Haya. Nani wa kwanza? Mmekuja kununua au mmekuja kupiga picha?"

Walijipanga. Yule mwenye mashine mnene alikuwa wa kwanza, na dumu lake kichwani, na hakukosa nafasi ya kunichokoza.

"Injinia wa Maji, hili langu mke wangu ameliosha jana. Nitie, au nisitie?"

Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la mzee na nilitaka kulala pale pale. Lakini swali la kazi ni swali la kazi.

"Usitie," nilimwambia. "Fungua, ligeuze kichwa chini, liegemeze ukutani. Likimaliza kutiririka ndipo utie."

Alicheka, lakini aligeuza, nadhani kwa kunidhihaki. Yakamwagika maji juu ya viatu vyake, mengi kuliko alivyotarajia. Akayatazama. Aliyemfuata akatoa funiko la dumu lake kimya kimya, akaligeuza. Kisha na wa tatu. Punde ukuta wa kituo ulikuwa na safu ya madumu yaliyosimama kwa vichwa, na chini yake vijito vya maji ya kijivu vikitafuta njia kwenye changarawe, na hakuna mtu aliyekuwa akicheka tena wala kumwuliza mwenzake nani ameosha.

Shemeji alikuja akakaa kando yangu. Mzee alisimama na mpira wa pampu mkononi, akingoja yakauke.